Aliyelala Katika Sanduku la Misri

Jina la Firauni alipewa kwa mzaha, na kwa miaka mingi Chirau mwenyewe alilipenda. Ungeshika njia ya kutoka Msambweni kwenda Kikoneni, ukauliza kwa Chirau ni wapi, ungejibiwa, "Chirau yupi? Yule Firauni?" Kisha mtu angecheka peke yake, akakunyooshea kidole kwenye nyumba ya makuti yenye baraza pana na migomba nyuma yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Vita vya Hitla vilipochacha, Chirau alichukuliwa akiwa kijana ambaye ndevu bado zilikuwa zikijifikiria. Hakupewa bunduki, alipewa sepetu. Yeye na wenzake wakachimba mitaro, wakabeba masanduku, wakapelekwa kwa meli na malori mpaka Misri. Siku moja wakapakiwa kwenda kutazama ule mlima wa mawe uliojengwa na watu wa kale. Wakaingia ndani wameinama kama watafuta sindano, wakapanda kijia chembamba, wakatokea kwenye chumba cha mawe matupu. Humo hamkuwa na kitu ila sanduku la jiwe, liko wazi, halina kifuniko. Rafiki yake Nzai, Mduruma mmoja mwenye maneno, akamwambia, "Wewe unayejidai mwanamume, lala humo." Chirau akavua kofia, akalala, akakunja mikono kifuani. Mwarabu aliyeshika mshumaa alicheka mpaka akauzima.

Basi kisa hicho Chirau alikisimulia kila harusi. Alikuwa akijinyoosha juu ya jamvi kuonyesha alivyolala, akifumba macho, akitoa sauti ya mfalme anayeomba uji. Mwanapili, siku alipoletwa bibi harusi kutoka Mkwiro, alikisikia kisa kile kutoka nyuma ya pazia, akacheka hata wanja ukamtiririka, somo yake aliyemfunda akamfinya paja. Akajiambia moyoni, mume anayechekesha hivi hawezi kunitesa. Na kweli hakumtesa.

Walioteseka ni watoto.

Wa kwanza, Mwinga, alianza kuvimba mikono na miguu kabla hajajua kutembea vizuri. Macho yakawa ya manjano. Alilia kilio ambacho hakibembelezeki, kwa maana ulipomshika ndipo ulipomuumiza. Wakamzika. Wa pili naye akaja na macho yale yale na kilio kile kile, wakamzika kando ya nduguye. Baada ya hapo watu hawakumwita tena Chirau Firauni mbele ya uso wake. Jina likahamia mgongoni, na lilipofika huko halikuwa na kicheko tena.

Sasa ulikuwa mwaka uliofuata ule wa bendera mpya, na mtoto wa tatu, Mwanatumu, alikuwa ameshajua kusema kila kitu na kubishana juu ya kila kitu. Mwembamba kama ufito, lakini ulimi wake haukuumwa. Yeye pia alikuwa na ugonjwa ule. Tofauti yake na wenzake ilikuwa moja. Safari hii Mwanapili alikuwa ameamua kutongoja, na kila maumivu yalipoanza alimbeba mbio mpaka hospitali ya Msambweni, kwa dresa mmoja aitwaye Fondo.

Fondo alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mipole. Alimwekea mtoto maji ya mshipani, akampa vidonge vya malaria, na siku moja akamkalisha mama mtu kwenye benchi.

"Mama, ugonjwa huu uko ndani ya damu. Chembe zake zimepinda kama mundu, zinakwama njiani. Ndiyo maana anaumwa vile."

"Ameupata wapi?"

"Kwenu. Kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mmoja peke yake hawezi kumpa mtoto. Kuuondoa hatuwezi. Lakini anywe maji mengi, asiumwe na mbu, na asipigwe na baridi. Baridi ndiyo adui yake mkubwa. Na yakianza maumivu umlete hapa upesi kama ufanyavyo."

Mwanapili aliyashika maneno yale kama mtu aliyepewa ufunguo. Kosa lake likawa kumweleza kaka yake.

Matano, kaka yake mkubwa, alikuwa mchuuzi wa papa mkavu, akivuka kutoka Mkwiro mpaka Shimoni na kupanda bara na mizigo yake. Aliwapenda wapwa zake, na wale wawili waliokufa aliwashusha kaburini kwa mikono yake mwenyewe. Aliposikia habari ya damu, alisimama wima.

"Dresa amesema damu yetu ni mbovu?"

"Amesema yetu na yao, kaka. Zikikutana."

"Kwetu tumezaliwa saba, tuko saba. Mama yetu hajazika mtoto. Damu yetu iharibike leo, kwa kuwa umeolewa na mtu aliyelala kaburini mwa makafiri?" Akapiga kofi ukutani. "Nakuja Ijumaa na watu wa kushuhudia. Nitamwuliza mumeo jambo moja tu."

Akaja kweli, baada ya sala ya alasiri. Wakakaa barazani: Matano; Mzee Chande, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfunza kila mtu mle kitongojini alifu na bee; Abdurahman, kijana mwalimu wa skuli, amekuja na kitabu chake cha historia kwapani; na Kavumbi mganga, aliyekaa pembeni kabisa, mgongo kwenye nguzo, mwenye sauti ya chini hata ukamdhania ana mafua. Chirau alikaa katikati kama ngoma. Mwanapili alikuwa nyuma ya mlango na Mwanatumu mapajani, akiona kwa ufa.

"Waungwana," Matano akaanza, "sikuja kugombana. Nina swali moja, nikijibiwa nanywa kahawa yangu narudi kwetu. Shemeji yangu huyu alilala ndani ya nini? Ikiwa ni kaburi, dada yangu na mtoto nawachukua leo hii. Ikiwa si kaburi, nitamwomba radhi mbele yenu, na sitalitaja tena."

"Si kaburi," Chirau akasema.

"Wewe ngoja. Mshitakiwa hajihukumu."

Mwanapili alimkumbatia mtoto. Mkwiro kulikuwa na mama yake, na upepo mwema, na samaki wa kila siku. Dresa hakuwako. Maumivu yakianza na bahari imechafuka, nani angevuka? Mara ya mwisho Abdurahman aliwapakia kwenye baiskeli yake, na hata hivyo Fondo alisema wangechelewa kidogo tu basi.

Abdurahman alifungua kitabu. Alikuwa na haya, kama mtu aliyeletwa kusoma hukumu ya jirani yake. "Kitabu kinasema ile piramidi ni kaburi la mfalme. Alijijengea mwenyewe angali hai. Watu wengi mno walisomba mawe miaka na miaka. Jina lake Kufu."

"Si Firauni?" Matano akauliza.

"Mafirauni walikuwa wengi, kaka. Ni cheo, kama vile gavana."

"Wengi! Na mimi siku zote nikidhani ni mmoja."

"Yule mmoja alitosha," Mzee Chande akasema, watu wakacheka.

Chirau akajisogeza. "Mwalimu, hebu kiulize hicho kitabu chako. Maiti ilionekana?"

Abdurahman akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. "Haikuonekana. Wanadhani iliibwa na wezi."

"Wanadhani."

"Ndivyo kilivyoandikwa. Wanadhani."

"Mwizi aibe dhahabu, namwelewa. Mwizi wa maiti anakwenda kuiuza soko gani?"

Hata Matano alicheka kwa hilo, na Mwanapili akahisi kifua kinamfunguka. Ndiye huyo mume wake wa harusini.

"Mimi kaburi nalijua," Chirau akaendelea. "Kule jangwani kazi yangu ilikuwa kuzika. Chumba kile ukutani hakina hata herufi moja. Mfalme wa kujengewa mlima mzima, akose mtu wa kumwandikia jina lake? Hakuna kitambaa, hakuna mfupa, hakuna kifuniko. Na lile sanduku ni pana kuliko njia ya kuingilia! Nilipima kwa mikono yangu. Halikuingizwa lile. Lilitangulia kuwapo, chumba kikajengwa kulizunguka. Nani azikwaye namna hiyo?"

"Basi ni nini?"

Chirau akavuta pumzi. Jibu hili alikuwa amelilea usiku na mchana tangu mtoto wa pili. "Ni ghala ya Nabii Yusuf. Ile miaka saba ya neema kabla ya saba ya njaa. Na sanduku lile ndilo kipimo chake cha nafaka."

Watu wakatazamana, nyuso zimefunguka. Ghala ya nabii! Aliyelala humo amelala palipobarikiwa. Mzee Chande alikuna ndevu zake kama mtu anayetamani kukubali.

"Ghala," akasema. "Chumba hicho kina ukubwa gani, mwanangu?"

Mwanapili nyuma ya mlango aliomba mumewe aseme uongo. Mola amsamehe, aliuomba kwa jina la Mola.

"Kama baraza hii," Chirau akasema, "na nyingine mfano wake."

"Na njia?"

"Ya kuinama."

"Nchi nzima ile miaka saba, kutoka chumba cha baraza mbili, na wachukuzi wameinama na magunia?"

Chirau akaipima baraza kwa macho.

"Mimi nachelea jambo jingine," Mzee Chande akasema. "Firauni yule wa Musa alimwamuru waziri wake Hamana amjengee mnara mrefu, apande amchungulie Mola wa Musa. Nachelea ni huo."

"Ule ulikuwa wa udongo wa kuchoma, maalimu. Wewe ndiwe uliyetusomesha. Huu ni wa mawe, nimeyagusa."

"Kweli. Wa udongo." Mzee akatikisa kichwa. "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

Hapo ndipo Kavumbi alipokohoa. "Nami niulize, kama nina ruhusa. Chirau, ndani hamkuwa na mtu?"

"Hamkuwa."

"Wala hamkupata kuwa na mtu?"

"Hamkupata. Naapa."

"Wala kifuniko hakikufunikwa. Na lilitangulia kuwekwa kabla ya kitu kingine chochote."

"Naam, ndivyo!"

"Basi lilitengenezwa limngoje mtu," Kavumbi akasema polepole, "na mtu huyo hakuja."

Pale barazani hapakuwa na asiyeelewa. Katika vitongoji vile, kaburi likichimbwa likakosa mtu, mathalani maiti ikachukuliwa na jamaa wa mbali, haliachwi wazi. Hukatwa gogo la mgomba, likavikwa kitambaa, likazikwa kwa heshima zote, ili shimo lisije likajitafutia mtu. Mzee Chande alikuwa akisema kila mara kwamba jambo hilo halimo dinini, na kila mara lilipofanywa alikuwa akitazama kando.

"Kaburi lenye mwenyewe limeshiba," Kavumbi akasema. "Kama ungelala juu ya mfalme, tungekuombea radhi kwake, yakaisha. Wewe ulilala kwenye lenye njaa. Likakuonja, ukaamka ukaenda zako. Tangu siku hiyo linakudai."

Kila kamba aliyoisuka Chirau kujiopolea ndiyo waliyomfungia. Utupu wa chumba, ukosefu wa maiti, upana wa sanduku, vyote alivileta mwenyewe, kwa kiapo.

"Kitabu hakikusema lina njaa," Abdurahman alinong'ona, lakini hakuna aliyemgeukia.

Matano alikuwa amejiinamia. Hakuwa na furaha ya mshindi. "Kuna dawa?" akauliza.

"Misri hatufiki. Tutalileta hapa. Lichimbwe kaburi, aingie yeye na huyu mtoto aliyebaki. Niwaoshe humo kwa maji ya kisima yaliyolala nje. Watoke, mgomba ushike nafasi yao, tufukie. Lile la kule litajua limeshalipwa."

"Likifanyika hilo," Matano akasema, "dada yangu atakaa na mumewe. Lisipofanyika, tunaondoka naye."

Mzee Chande akainuka. "Kumzika mtu aliye hai, mimi simo." Akavaa makubadhi yake, akashuka barazani, akaenda zake. Hakumkataza mtu.

Chumbani, Mwanatumu alikuwa amesikia yote. Mama yake alitaka kumsahaulisha, akamwambia, "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni, haingii kwa hodi wala hatoki kwa kwaheri."

"Homa," mtoto akajibu bila kufikiri. "Hicho rahisi. Sasa mimi. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina nyumba kubwa kuliko zote, kitanda chake jiwe, na mwenyewe hajulikani."

Mwanapili akamvutia shuka miguuni. Jibu alilijua, lakini hakutaka kulitia mdomoni.

"Umeshindwa, mama. Nipe mji."

"Haya, chukua Misri."

"Sitaki Misri," mtoto akasema, akageukia ukutani. "Nipe Msambweni."

Kaburi Chirau alilichimba mwenyewe, maana hakuna jirani aliyekubali kulitia jembe. Alilichimba nyuma ya migomba, mvua za masika zikinyesha na kuacha, udongo mzito kama unga uliokandwa. Alichimba vizuri. Kuta zilinyooka, pembe zikakaa sawa. Mwanapili alimpelekea uji, akasimama ukingoni, akamwona mumewe kiunoni amekwisha kuingia ardhini.

"Babake Mwanatumu," akasema, "hebu niambie mimi. Si wao, mimi. Ulilala mle kwa nini?"

"Nzai alinitania. Si unakijua kisa?"

"Nakijua kisa."

Chirau aliegemea sepetu. Mvua ilikuwa ikimwanguka usoni naye hakuipangusa. "Siku ile asubuhi tulizika. Vijana kama mimi. Tulizika mpaka jua likapanda, kisha wakatupa lori tukatembee, kama mtoto anavyopewa peremende akimaliza kulia. Nilipoingia chumba kile, palikuwa na baridi nzuri na kimya. Tangu nishuke melini sikuwa nimepata mahali penye kimya. Hata Nzai asingenitania, ningelala. Na nilipata usingizi, mke wangu. Usingizi wenyewe. Walinitikisa kuniamsha."

"Mbona harusini hukulisema hilo?"

"Nani angecheka?"

Akanywa uji akiwa mle mle shimoni, akamrudishia bakuli.

"Kwa hivyo lilikuwa nini?" Mwanapili akauliza.

"Sijui. Waliojenga wamekufa. Huyu anasema mnara, yule kaburi, mimi nikasema ghala kwa kuwa nilitaka mtoto abaki. Sijui lilikuwa nini."

"Fondo alisema asipigwe na baridi."

"Mkwiro kuna baridi kuliko hii, na hakuna Fondo." Akainama akaendelea kuchimba. "Ni mara moja tu. Tutamfunika blanketi akitoka. Tutakimbia."

Na Mwanapili akakubali. Hilo lisisahaulike anapohukumiwa mtu katika hadithi hii. Alipima bahari na shimo, akachagua shimo, kwa kuwa lilikuwa karibu na hospitali.

Asubuhi ya kazi ile ilikuwa na manyunyu. Walikuwapo Kavumbi na msaidizi wake, Matano, na majirani wachache waliosimama mbali kama watu wanaotazama moto. Chirau alishuka akiwa na saruni nyeupe moja tu. Akanyoosha mikono, na Matano akampokeza mtoto, naye amevuliwa nguo, amefungwa kitambaa cheupe. Gogo la mgomba lilikuwa tayari ukingoni, limevishwa vile vile.

"Maji yapashwe moto," Mwanapili akasema. "Kidogo tu. Maji ya moto ninayo jikoni."

"Ya moto hayafai, mwanangu," Kavumbi akamjibu, bila ukali. "Haya ndiyo yaliyolala nje."

Akamimina kata ya kwanza. Chirau alijikunja kumkinga mtoto, lakini maji hujua njia zake. Mwanatumu alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyekatizwa usingizini. Kata ya pili. Mtoto akaanza kutetemeka, mikono yake ikajikunja, akaita, "Mama, mkono! Mkono wangu!" Na Mwanapili alikijua kilio kile. Alikwisha kukisikia kwa wawili.

Hakuna aliyemwona akishuka. Walimwona tu yumo shimoni, leso yake moja imebaki kwenye mgomba, anamnyofoa mtoto kifuani mwa baba yake.

"Dada! Toka humo!" Matano akapiga kelele. "Haijakwisha!"

"Usimtoe," Kavumbi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Ukimtoa sasa, ni yeye litakayemshika."

Mwanapili alimtazama mumewe. Chirau, udongo mpaka kwenye kope, akamwinua yeye na mtoto kwa pamoja, akawasukuma juu.

"Nenda," akasema. "Mimi nitabaki wamalizie kwangu. Kimbia!"

Akakimbia. Alimfunga mtoto kifuani kwa leso iliyobaki, ngozi kwa ngozi, akakimbia kichwa wazi katika njia ya Msambweni, mama mtu mzima, matope mpaka magotini, na waliokutana naye walimpisha bila kumwuliza.

Fondo alipomfungua mtoto, uso wake ulibadilika. "Nani amemmwagia huyu maji?"

"Mimi," Mwanapili akasema, kwani hakuona tena tofauti.

Dresa hakumgombeza. Alileta blanketi, akaleta maji ya mshipani, akatia chupa ya maji moto miguuni. Mchana kutwa mtoto alilia, na usiku ukapita akilia, na kulipokucha akawa analia kwa vituo. Ndipo Fondo alipomkalisha mama kwenye benchi lile lile.

"Safari hii atapona. Lakini sitakudanganya. Itarudi, na itarudi tena. Wengi wao hawafiki umri wa kuvaa buibui."

"Nimesikia," Mwanapili akasema.

"Nilitaka ujue."

"Nimesikia, baba."

Chirau alifika adhuhuri. Alikuwa ameoga, lakini udongo ulikuwa umemganda masikioni. Alisimama mlangoni mwa wadi kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa, mpaka Mwanatumu akasema kwa sauti iliyokauka, "Baba, mbona huingii?" Akaingia, akakaa kitandani miguuni.

"Walimaliza?" Mwanapili akauliza.

"Walimaliza. Kavumbi alisema kazi imekatika, mgomba haufai tena. Wakanifukia mimi mpaka kifuani, wakasoma walivyosoma, wakanitoa. Gogo wamelitupa." Alitazama viganja vyake. "Njiani nimemsalimu jirani yetu Bi Mejumaa. Akatazama minazi. Nikamsalimu mwanawe, naye akatazama minazi. Wanasema nimeshazikwa. Wanasema lile la Misri kumbe lilikuwa kaburi kweli, maana mngeona mtoto alivyoshikwa pale pale."

"Alishikwa na baridi."

"Najua. Wewe unajua, na Fondo anajua."

Mwanapili alikuwa amempa mumewe uji wa mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda kwao asubuhi, Matano alipoingia. Alikuwa na macho mekundu ya kutolala. Hakumtazama Chirau hata kidogo; alipitisha macho juu yake kama unavyopitisha juu ya kiti.

"Mtoto?"

"Anaendelea, kaka."

"Alhamdulillahi." Akamgusa mpwa wake paji la uso, akaurudisha mkono upesi. "Dada, jitayarishe. Jahazi la Shimoni linangoja mzigo wangu tu. Ukakae eda kwetu, kwa heshima zako."

"Eda ya nani?"

"Ya mumeo."

"Huyu anayekunywa uji?"

"Huyo amezikwa mbele ya macho yangu! Ulitaka nifanye nini?" Akanyoosha mikono yake. "Nimewashusha wapwa zangu wawili kwa mikono hii. Huyu wa tatu nimempokeza mwenyewe shimoni, nikamsikia akilia. Nifanye nini, Mwanapili? Niambie."

"Sema damu ni yetu sote," Mwanapili akamwambia. "Yao na yetu. Liseme hapa hapa, mara moja, mbele ya mume wangu. Ukilisema, hakuna aliyezikwa na hakuna mjane, na Misri ibaki na mawe yake. Sitakudai kitu kingine maisha yangu."

Matano alisimama. Midomo yake ilicheza. Mwanapili aliona kabisa kwamba alikuwa akilijaribu neno lile, akiligeuza kinywani, na nyuma yake wamesimama ndugu zake na watoto wao wote, na mama yao ambaye hakuzika mtoto, na binti zake mwenyewe wawili waliokuwa wamechumbiwa. Kisha akayageuza macho.

"Mama nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie niko hospitali, na mume wangu, na mwanangu."

"Sitaweza kurudi hapa tena, dada. Unalijua hilo? Kwa mtu huyu siwezi."

"Nalijua, kaka. Safari njema."

Alitoka. Makubadhi yake yalisikika ukumbini, yakasimama kidogo, kisha yakaenda. Chirau aliliweka bakuli chini, likiwa na uji nusu.

"Ungekwenda naye," akasema. "Huko wangekusalimia."

Mwanatumu alikuwa ameanza tena kuumwa, safari hii mkono wa kulia. Mwanapili akasogea, akauchukua mkono ule mdogo uliovimba, akaanza kuukanda kwa kitambaa cha moto, taratibu, kidole kimoja kimoja, na Chirau akaenda kuomba maji mengine.